Wakushi na Warumi Juu ya Meza ya Chakula

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi alasiri, Jumapili iliyopita, majeshi mawili yalikabiliana juu ya meza yetu ya chakula. Upande wa kaskazini, karibu na sahani ya karanga, walisimama Warumi: vizibo 12 vya bia katika mstari mmoja ulionyooka. Upande wa kusini walikuwapo Wakushi wa Meroe, vizibo 24 vya soda, wawili kwa mmoja. Ukanda wa kitambaa cha buluu ulikuwa mto Nili, na mawe tuliyookota uani yalikuwa majabali. Amiri jeshi wa Wakushi alikuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mimi nilishika Warumi, na dada yangu alitaka kujua vizibo vya bia vimepatikanaje upesi namna ile.

Mchezo huu hatukuubuni sisi. Huko Prussia, mwaka 1812, von Reisswitz alimwonyesha mfalme mchezo wa vita wa mezani. Mwanawe akautengeneza upya mwaka 1824, ukawa chombo cha kufundishia maofisa. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, cha kupigana kwa askari wa sanamu, akidai kwamba vita vya namna hiyo ni bora mara nyingi kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza. Tangu mwaka 1965 wapenzi wa vita vya kale nchini Uingereza wana chama chao, Society of Ancients, na mwaka 1990 zilichapishwa sheria fupi ziitwazo De Bellis Antiquitatis: vikosi 12 kila upande, dadu, na uwanja wa sentimita 60 kwa 60. Wenyewe hutumia visanamu vya madini vyenye kimo cha milimita 15, wakavipaka rangi hata vifungo vya viatu. Sisi tulikuwa na vizibo.

Msomaji aliyezoea bao au drafti ataona mara moja tofauti. Katika michezo hiyo wawili huanza sawasawa, na anayeshindwa hana wa kumlaumu. Hapa majeshi hayalingani tangu mwanzo. Vikosi viwili vinapogusana, kila mchezaji hutupa dadu yake na kuongeza nguvu ya kikosi chake. Askari wa miguu wa Kirumi, mwenye nidhamu na upanga, nilimpa 5. Mkushi mwenye shoka na ngao ya ngozi nilimpa 3. Tofauti ya 2 yaonekana ndogo. Lakini dadu mbili zina namna 36 za kuangukia, na ukizihesabu zote utakuta Mrumi anashinda katika 26, wanatoka sare katika 4, na Mkushi anashinda katika 6 tu.

"Mjomba, huu si mchezo, ni kuonewa"

Hayo ndiyo aliyoyasema mpwa wangu baada ya pambano la kwanza, wala sikumlaumu. Alikuwa amewapanga watu wake wote uwandani, safu mbili, akiamini wingi. Safu ya nyuma haikuwa na wa kupigana naye. Tena sheria zataka kwamba kila zamu utupe dadu, na tarakimu inayotokea ndiyo idadi ya makundi unayoruhusiwa kuyasogeza. Jeshi lililo pamoja husogea lote kwa amri moja; lililotawanyika hudai amri nyingi. Mara tatu mfululizo kijana alipata 1. Mrengo wake wa kulia ulibaki ukitazama wenzao wakichinjwa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba atakayepoteza theluthi ya vikosi vyake ameshindwa. Alipoteza vikosi 8, mimi 2.

Nikamweleza kwamba kutolingana huko sikukutunga mimi. Strabo, mwanajiografia aliyeishi zama zizo hizo na kuandika kwa Kigiriki, ameeleza kwamba gavana wa Misri, Petronius, alikwenda na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800 kupambana na watu 30,000. Wakushi walikuwa wametangulia kuvamia Syene, yaani Aswan ya leo, pamoja na Elephantine na Philae, wakaziangusha sanamu za Kaisari. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 25 K.K. Strabo asema walipangwa vibaya na silaha zao zilikuwa duni: ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng'ombe, mashoka, mikuki na baadhi yao panga. Bila shaka aliandika kwa jicho la rafiki wa Warumi. Wamisri wa kale, waliowajua majirani zao hao kwa karne nyingi, waliiita nchi yao Nchi ya Upinde.

Petronius alishinda, akaendelea kusini hata Napata, akaubomoa mji huo. Mateka 1,000 walipelekwa kwa Kaisari, wengine waliuzwa. Vizibo vyetu hurudi koponi baada ya mchezo.

Pambano la pili

Mpwa wangu alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kuhesabu kwenye daftari. Alikuwa ameiona kanuni niliyoitaja kwa haraka: mstari wa Kirumi ukiingia penye majabali hupoteza nguvu 2, wakati wenye mashoka hawapotezi kitu. Hapo ni 3 kwa 3. Na kikosi kikibanwa na adui mbavuni hupoteza 1 kwa kila ubavu. Mrumi aliye majabalini na kubanwa pande zote mbili anabaki na 1 dhidi ya 3, na zile namna 26 za ushindi zinahamia kwa Mkushi.

Basi safari hii hakushuka uwandani. Aliwaficha nusu ya watu wake nyuma ya mawe, akawaacha waliobaki mbali kabisa, ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa na zamu 10 tu, maana Petronius naye hakuweza kukaa jangwani milele. Zamu nne nilingoja ashuke. Hakushuka. Ikanibidi niingie mawe yale, na humo nikapoteza vikosi vitatu. Zamu ya kumi ilipokwisha yeye alikuwa amepoteza 6. Hakuna aliyefikia theluthi.

"Nimeshinda," nilisema. "Hesabu maiti."

"Mjomba, kwani mimi nimehama? Wewe ndiye unayerudi kwenu."

Ikabidi nimmalizie kisa. Petronius aliona kwamba nchi iliyo mbele haipitiki, akageuka bila kuufikia mji wa Meroe. Aliacha askari 400 katika ngome ya Premnis na chakula cha miaka miwili. Malkia wa Kushi, Kandake, ambaye Strabo asema alikuwa na chongo, na ambaye wanahistoria wengi humtaja kwa jina la Amanirenas, akaiendea ngome hiyo kwa maelfu ya watu. Petronius aliwahi kufika kuiokoa, na ndipo wajumbe walipokuja kutaka mapatano. Walipoambiwa waende kwa Kaisari, walijibu kwamba hawamjui Kaisari ni nani wala wapi pa kumpata. Wakapewa wa kuwasindikiza hadi kisiwa cha Samos, mnamo mwaka 21 K.K. Huko walipata yote waliyoyaomba, na ile kodi waliyokuwa wametozwa Kaisari akaifuta.

Mwaka 1910, John Garstang alipokuwa akichimba magofu ya Meroe, alikuta kichwa cha shaba nyeusi cha Kaisari Augusto, kilichokatwa kutoka katika sanamu yake. Kilikuwa kimefukiwa mbele ya ngazi za hekalu, hata kila aliyeingia alikanyaga juu yake. Sasa kiko British Museum, London.

Katika daftari nimeandika kwamba pambano la pili lilikuwa sare. Mpwa wangu amelifuta neno hilo kwa kalamu nyekundu, na hadi tunakwenda mitamboni hatujaelewana.