Niliacha Kumpigia Mungu Hesabu

Mwaka 2020 mume wangu alipoteza kazi, mimi nikabaki na nusu mshahara, na kodi ya nyumba ya miezi sita ikawa inatusubiri. Nilidhani najua maana ya kumtegemea Mungu. Kumbe nilichokuwa najua ni kumdai tu.

Ngoja nikuulize, mpenzi msomaji. Umeshawahi kulala saa nane za usiku mwenzako kakupa mgongo, wote wawili mko macho, na kila mmoja anajifanya amelala? Kama bado, mshukuru Mungu. Kama tayari, basi mimi na wewe tutaelewana.

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuhakikisha kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Mume wangu ni dereva na muongoza watalii, hapa hapa Arusha. Tulifunga ndoa mwaka 2015, na kwa miaka mitano maisha yetu yalikwenda kwa msimu. Julai hadi Oktoba hela ipo. Aprili na Mei, masika yakinyesha na wageni wakiadimika, tunajibana. Tulikuwa na binti mmoja wa miaka mitatu, kiwanja kidogo Usa River tulichonunua kwa kudunduliza, na mpango wa kuchimba msingi mwezi Agosti.

Kisha ikaja Machi 2020. Tarehe 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, tena hapa kwetu Arusha. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Simu ya mume wangu ikawa haitulii: wageni wa Aprili wameahirisha, wa Juni wamefuta kabisa, wa Agosti wanataka warudishiwe hela zao. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Ziliporuhusiwa tena Mei, wa kuzipanda hawakuwepo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 hawakufika hata nusu ya hao. Lakini ukiishi Arusha hukuhitaji takwimu. Uliyaona magari ya safari yamepangwa uani, yamejaa vumbi, na vijana waliozoea kuyaosha wamekaa kivulini hawana la kufanya.

Kampuni ya mume wangu ilianza na likizo bila malipo, na Juni ikaja barua ya kupunguzwa kazi. Alikuwa ametumika miaka sita. Kiinua mgongo kikapigwa kwa sheria: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, jumla siku 42. Na mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, maana waongoza watalii wengi huishi kwa posho za safari na bakshishi. Shule binafsi niliyokuwa nafanyia kazi mimi ilishaanza kutulipa nusu.

Mbegu niliyoipanda kwa siri

Mimi nimelelewa kanisani. Shida ikija, naomba. Basi nikaomba kweli kweli. Nikafunga. Rafiki yangu mmoja akanikaribisha kwenye maombi mahali fulani, na huko mhubiri akasema yeyote atakayepanda mbegu kwa imani, mlango wake utafunguka kabla mwezi haujaisha.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yananizunguka kichwani. Kabatini kulikuwa na bahasha ya kodi ambayo mimi na mume wangu tulikuwa tunaijaza pole pole. Nikachomoa laki tatu. Sikumwambia mtu. Nikapiga hesabu kama ninavyopiga ofisini: natoa kiasi hiki, kitarudi mara kumi, na mwisho ni tarehe 30. Bahasha nitaijaza mwenyewe, na mume wangu atakuja kusikia ushuhuda tu.

Tarehe 30 ikafika, ikapita. Siku mbili baadaye mume wangu akafungua bahasha.

"Mama, mbona hela haijatimia? Laki tatu iko wapi?"

Nilimweleza. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, bahasha mkononi, kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Sikukasirikia sadaka, mke wangu. Nimekasirika kwa sababu umekwenda kwa Mungu ukaniacha mimi nje."

Jamani, maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Na haikuishia hapo. Usiku ule ule naye alifunguka. Wiki tatu zilizopita alikuwa amekopa laki tano kwa mtu wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu, na kadi yake ya benki ameiacha huko kama dhamana. Riba ilikuwa inapanda kila wiki. Alikopa ili aendelee kuleta mahitaji nyumbani nisione kwamba mfuko umekauka.

Fikiria, msomaji. Watu wawili wanaopendana, wanaoshikana mikono kila Jumapili, na kila mmoja ameficha kitu kabatini. Tulikuwa tunaomba kila usiku. Lakini tulikuwa tunamwomba Mungu huku tukidanganyana mbele zake.

Hajati na ngamia wake

Mwenye nyumba wetu ni mama mtu mzima, tunamwita Hajati. Asubuhi tulikwenda kwake wote wawili. Tulikubaliana tumwambie ukweli wote, hata ule wa kutia aibu.

"Shikamoo Hajati."

"Marahaba wanangu. Mbona mmekuja kama mnaleta msiba?"

Tulimweleza: kazi, nusu mshahara, mbegu, kausha damu. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akatusimulia habari ambayo Waislamu wengi wanaijua, ya yule bwana aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache tu na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ndiyo ategemee.

"Tawakali si kulala usingizi, wanangu," akasema. "Sasa nyie ngamia wenu mmemfunga wapi?"

Hatukuwa na jibu. Yeye akatoa lake: kodi tulipe mwezi kwa mwezi badala ya miezi sita kwa mpigo. Hakutusamehe hata senti. "Kodi ni kodi," alituambia tukiwa tunatoka. Lakini nilipofika kwangu nililia, safari hii kwa kushukuru. Nilikuwa nimesubiri muujiza uje na tarumbeta. Ulikuja umevaa khanga, unauliza mbona nimekonda.

Una nini nyumbani?

Jumapili ile nilifungua Biblia kwenye Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Ni habari ya mjane ambaye mdai wake alitaka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Alimwendea nabii Elisha. Nilikuwa naijua tangu Sunday school kama muujiza wa mafuta, basi. Safari hii nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Nabii alimuuliza kwanza ana nini nyumbani. Kisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani. Na mafuta yalipopatikana, hakumwambia akafanye sherehe. Alimwambia akauze, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki.

Nikamwita mume wangu, tukakaa na daftari. Sisi tuna nini nyumbani?

Tuna kiwanja. Yeye anazijua barabara zote za kaskazini, na anawafahamu wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule Karatu, kwa miaka aliyopita na wageni kwenda Ziwa Eyasi. Mimi najua hesabu. Hajati ana stoo ambayo haitumiki.

Julai tukauza kiwanja. Nasema kwa sentensi moja, lakini ilituchukua wiki nzima kukubali, na siku ya kusaini mume wangu hakula. Tuliuza kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia, maana mji mzima ulikuwa unauza. Kwanza tukalipa kausha damu, kadi ikarudi. Kilichobaki kikawa mtaji.

Gunia kumi na mbili za kwanza zilitufunza adabu. Mume wangu alinunua vitunguu ambavyo shingo zake hazijakauka vizuri, akavipakia kwenye Fuso, tukavirundika stoo. Baada ya siku chache mtaa mzima ulikuwa unasikia harufu. Karibu theluthi ilioza. Siku hiyo nilimsemesha Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia, kiwanja tumeuza, ukweli tumesema, unataka nini tena?

Hakunijibu. Asubuhi tuliamka, tukachambua vizima na vibovu, tukauza vizima kwa kilo. Safari ya pili mume wangu alinunua vilivyokauka. Vingine vikaenda kwa akina mama wa soko la Kilombero, vingine kwa mama ntilie, na shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni mshahara wangu ulikuwa umeanza kurudi pole pole, nami nikawa nachukua oda za walimu wenzangu. Hatukutajirika. Kila mwezi nilipofunga daftari, kodi ilikuwa imelipwa, mtoto amekula, na salio ni kidogo mno. Ila ilitosha. Mwezi uliofuata ikatosha tena.

Ndipo nikaelewa kwa nini hesabu zangu za mwanzo zilikataa. Nilikuwa nataka Mungu anipe uhakika wa mwaka mzima ili nisihitaji kumtegemea tena. Yeye alikuwa ananipa cha leo.

Ambacho hakikurudi

Watu wanapenda ushuhuda unaoishia na gari jipya. Wangu hauna gari. Mwaka 2022 mume wangu alipata nafasi kwenye kampuni nyingine, na tangu hapo msimu ukifika anakwenda porini na wageni, usipokuwepo anarudi kwenye vitunguu. Lakini kiwanja hatujakinunua tena, bei imeshatukimbia. Na ile laki tatu haijarudi mara kumi wala mara moja.

Tena ziko familia ninazozijua ambazo ziliomba kuliko sisi na zikapoteza zaidi yetu. Wengine walipoteza watu, si hela. Kwa hiyo sitakuambia kwamba ukiwa na imani kila kitu kitakaa sawa. Sijui Mungu anagawaje, na nimeacha kumpigia hesabu.

Ninachokijua ni hiki. Kule tulikopita hatukupita peke yetu. Mkono wake niliuona kwa Hajati, kwa mkulima wa Mang'ola aliyetupa mzigo kwa nusu malipo akasema tutamalizana, na kwa mwanaume aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda akaumia badala ya kuondoka. Wazee walisema Mungu hamtupi mja wake. Mimi naongeza: mara nyingi humdaka kwa mikono ya watu.

Kama mnapita kwenye kipindi kigumu

*Semeni ukweli kabla ya kuomba.* Sisi kila Ijumaa usiku tunafungua daftari: kimeingia nini, kimetoka nini, tunadaiwa na nani. Ndipo tunaomba. Maombi huwa mafupi sana siku hizi, lakini ni ya kweli.

*Sadaka iwe ya wawili.* Toeni kwa moyo, kwa kiasi mlichokubaliana. Anayekupangia Mungu tarehe na bei, muogope.

*Anzeni na deni linalonyonya.* Kausha damu halisubiri msimu. Ni afadhali kuuza kitu mnachokipenda kuliko kulisha riba.

*Fuatilieni haki zenu.* Ukipunguzwa kazi, uliza notisi, kiinua mgongo, cheti cha utumishi na mafao yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama unaona umeachishwa bila haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko, lakini una siku 30 tu tangu kuachishwa. Kumwachia Mungu si kuiachia barua kwenye droo.

*Azimeni vyombo.* Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini hali halisi. Aibu ikifungiwa ndani ya nyumba huwa kubwa kuliko shida yenyewe.

*Ruhusuni machozi.* Ayubu alilalamika kurasa nyingi, na bado anahesabiwa kuwa mtu wa imani.

Jana usiku niliamka saa nane. Mvua ilikuwa inanyesha, na kodi ya mwezi huu bado imepungua kidogo. Nikageuka, nikamkuta mume wangu naye yuko macho.

"Unawaza nini?" nikamuuliza.

"Kodi," akasema. "Na wewe?"

"Kodi."

Tukacheka. Tukashikana mikono, tukamwambia Mungu kiasi kilichopungua, tukalala.