Njozi Bila Bangi: Gita la Kakamega

Ukimtajia mzee wa huku kwetu Pwani muziki wa soul ya saikedelia, atakunja uso. Atakwambia huo ni muziki wa wavuta bangi, na mtoto wa Kiislamu hana haja nao. Sisemi kwamba mzee hana hoja. Mwaka 1968 kundi la Marekani liitwalo The Temptations lilipotoa wimbo wa Cloud Nine, wengi walisema unasifu madawa ya kulevya, na waimbaji wakakana. Mtengenezaji wake, Norman Whitfield, alitia humo gita la Dennis Coffey lililopitishwa katika kikanyagio cha mguuni, hata likawa linalia kama mtu anayefumba na kufumbua kinywa.

Lakini waama, sauti hiyo ilipopoa ndipo ilipokolea utamu. Mwaka 1971 Whitfield huyo huyo aliwatengenezea kina Temptations wimbo wa Just My Imagination. Mwanamume anamtazama mwanamke akipita dirishani, anajijengea moyoni ndoa, nyumba na watoto, kumbe bibi huyo hata hamjui! Eddie Kendricks anauimba kwa sauti nyembamba ya juu, na fidla zinamfuata nyuma polepole kama moshi wa udi. Hapo hapana kilevi. Pana njozi tu.

Hoja hii ilinikaa sawasawa nilipofika Kakamega. Huko, mbali na bahari, jirani na msitu mkubwa wa mvua, Waluhya wana mtindo wao wa kupiga gita uitwao omutibo. Bingwa wake alikuwa George Mukabi, mtu wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, miaka mitano kabla ya Cloud Nine kutoka. Mukabi hakuhitaji kikanyagio. Dole gumba hushika besi lisilegee, kidole cha shahada kikacheza juu na wimbo, na kando yao chupa ya soda hugongwa na kukwaruzwa kwa chuma, ikatia mwendo.

Usikilize wimbo wake wa Sengula Nakupenda jioni mvua inaponyesha. Besi lile hurudi na kurudi, halina haraka, na punde si punde msikilizaji husahau alikokuwa akienda. Ile hali Wamarekani waliyoitafuta kwa mitambo, huyu bwana aliipata kwa vidole viwili na chupa tupu.

Nasi tuliolelewa na kasida na matari twalijua jambo hili tangu chuoni. Kinachomtoa mtu katika mashaka yake ya mchana ni pigo linalorudiwa kwa utaratibu na sauti iliyotulia. Kijana anayedhani hawezi kuonja utamu wa wimbo mpaka avute kitu, amedanganywa, na udanganyifu huo umeharibu vijana wengi mitaani mwetu. Na mzee anayeutupa wimbo pamoja na bangi, bila kujua anauthibitisha uongo ule ule, kwamba viwili hivyo haviachani.

Nyimbo za Mukabi zilikusanywa upya katika sahani iliyotolewa mwaka 2017 kwa jina la Furaha Wenye Gita. Mzee wangu, itafute, umwite kijana wako, mketi mbele ya kahawa msikilize pamoja. Kisha mkanye bangi. Atakusikia zaidi.