Nani Atabaki na Mtoto? Bibi Zetu na Kazi za Akina Mama Kambini

Katika kutembelea nyumba kwa nyumba hapa Nyarugusu, swali ambalo akina mama wenye watoto wachanga wananiuliza kuliko yote si la malaria wala la chanjo. Wanauliza hivi: "Dada, mimi nikitoka kwenda kazini, mtoto atabaki na nani?" Mmoja ana kazi ya posho shuleni, mwingine anauza dagaa na mafuta ya mawese sokoni, mwingine anashona, mwingine anafua nguo za watu. Na wapo wengi zaidi ambao kazi yao haina jina wala posho: kuni, maji, foleni ya mgao. Kazi hizo nazo zinamtoa mama nyumbani kwa saa nyingi, ingawa tukiulizwa huwa tunasema, "Mimi sifanyi kazi, niko tu nyumbani."

Zamani swali hili halikuulizwa, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa mlangoni kwenye mkeka. Lilikuwa ni bibi.

(Hapa niwaombe radhi wazee wa kwetu Kongo. Kule ukisema "bibi yangu" watu wanaelewa mke. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kusema kama Watanzania, bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Ndivyo nitakavyosema katika makala hii.)

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, watu walipokimbia vita Kivu ya Kusini na kuvuka Ziwa Tanganyika. Kuanzia mwaka 2015 tukapokea majirani wengi kutoka Burundi. Ndugu msomaji, fikiria familia inavyovuka ziwa au mpaka. Wenye nguvu wanatangulia, wazee wanabaki nyuma, wengine wanafia njiani. Hata waliofika salama hawakukaa pamoja siku zote. Ninazijua nyumba ambazo bibi alipata safari ya Marekani pamoja na mtoto wake mmoja wa kiume, na mabinti wakabaki hapa na watoto wao. Simu inapigwa, bibi anamwona mjukuu kwenye kioo na kumwimbia. Lakini kwa simu hawezi kumpakata.

Mimi nilikuwa na bahati. Bibi yangu mzaa mama alivuka ziwa mwaka 1996 kutoka upande wa Fizi na watoto wawili na sufuria moja, na ile sufuria bado tunapikia. Alitulea wajukuu saba. Mama alipokwenda bombani au sokoni, bibi alituweka mgongoni kwa zamu, mwenye kilio kikubwa kwanza. Alitwanga sombe akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto alilala kwa mlio wa kinu. Mpaka leo mama yangu anasema hajawahi kuona dawa ya usingizi kama hiyo.

Msidhani alikuwa mtu wa upole wakati wote. Mama akijifungua, bibi alisimama mlangoni kama askari. Kwa majuma sita mzazi habebi ndoo, hatwangi, hainami kwenye moshi. Kazi ya mzazi ni kula, kulala na kunyonyesha. Baba akiuliza chakula kiko wapi, bibi alimwonyesha sufuria. Wakati ule watu walisema anaendekeza. Baadaye, nilipopata mafunzo ya kujitolea katika afya, niliyakuta mambo yale yale kwa lugha ya kitaalamu: mama apumzike, ale vizuri, apate maji ya kutosha na msaada wa familia ili maziwa yatoke.

Si kila alichokijua kilikuwa sahihi, na hilo alilisema mwenyewe. Kwa watoto wake wa kwanza alikuwa akikamua na kumwaga yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, akiamini ni machafu, na mtoto akapewa maji ya sukari. Mhudumu wa afya alipomweleza kwamba dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, na kwamba mtoto mpaka atimize miezi sita hahitaji hata tone la maji, hakukubali siku hiyo. Aliuliza maswali siku tatu. Mbona jua ni kali hapa, mtoto hatakauka? Mbona watoto wangu walipewa maji na wakakua? Akajibiwa kwamba maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Akajibiwa pia kwamba waliokua anawahesabu, lakini na wale wawili waliokufa kwa kuhara awahesabu. Swali hilo lilimnyamazisha. Tangu hapo alikuwa yeye anayepita kwa majirani na kuondoa chupa za maji ya sukari mikononi mwa watu.

Nalitaja hili kwa sababu ninaona tunakosea kidogo katika utoaji wa elimu. Tunawaita wajawazito, tunawafundisha vizuri, wanaitikia. Halafu wanarudi nyumbani ambako anayeamua mtoto apewe nini ni bibi au mama mkwe, na yeye hakualikwa. Ukiwa na mama mkwe, njoo naye kliniki. Akiuliza maswali ya siku tatu, tutayajibu siku tatu.

Bibi alifariki mtoto wangu akiwa na miezi minne. Sitaeleza sana msiba, kila nyumba hapa inaujua. Nitaeleza kilichofuata, maana ndicho kinachowahusu wasomaji. Nilikuwa nimerudi kwenye kazi ya kujitolea, natoka saa moja asubuhi na kurudi saa nane. Bibi ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto na kumleta ninyonyeshe. Ghafla hayupo. Mama yangu ana kazi zake, mume wangu anatafuta vibarua, dada zangu wako shule. Watu wengi walinishauri niache kazi. Wengine walinishauri mtoto aanze uji, kwamba miezi minne inatosha.

Ushauri huo wa pili nilikuwa nimeshauona unafika wapi. Mama mmoja katika kijiji chetu, ambaye ameniruhusu kueleza bila kumtaja jina, alirudi sokoni mtoto akiwa na miezi mitatu. Alimwacha na binti yake wa miaka minane. Binti alifanya alivyoweza: uji mwepesi, maji ya ndoo, kubembeleza. Baada ya wiki mbili mtoto akaanza kuhara. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito, uliokuwa ukipanda, ukalala, kisha ukashuka. Na maziwa ya mama nayo yakapungua, kwa sababu titi lisilonyonywa wala kukamuliwa linapunguza kutengeneza. Yule binti naye alikosa masomo karibu muhula mzima. Mtoto alitibiwa, mama akashauriwa amnyonyeshe mara kwa mara usiku na mchana, na maziwa yakarudi. Yule mama hakuwa mzembe. Alikuwa analisha watu sita kwa meza moja ya dagaa.

Basi tukae kwenye kile kinachowezekana. Mama anayetoka anaweza kukamua maziwa yake kwa mkono na kuyaacha. Wengi wanacheka nikisema hivyo, lakini ni jambo rahisi. Osha mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mfuniko kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, usivute chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia. Dakika za kwanza huenda yasitoke kitu, usikate tamaa. Yakipungua hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza. Kazi yote inachukua kama dakika 20 hadi 30, na kadiri unavyozoea inakuwa nyepesi.

Funika kikombe, kiweke mahali penye ubaridi kuliko pengine pote nyumbani. Nyumba ya matofali ya udongo, kwenye kona isiyofikiwa na jua, inafaa. Chini ya turubai mchana hapafai kabisa. Maziwa yasikae zaidi ya muda wa saa nne: ukikamua saa moja asubuhi, mwisho wake ni saa tano. Ukiona mafuta yamepanda juu usiyamwage, hayajaharibika, tikisa taratibu tu. Wakati wa kumpa mtoto, usiyachemshe motoni. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Mtoto anyweshwe kwa kikombe akiwa amekaa wima, kikombe kikigusa mdomo wake, naye atalamba na kunywa mwenyewe. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha hapa kwetu, tuiache. Yakibaki kikombeni baada ya mtoto kunywa, yamwagwe.

Mtaona kwamba saa moja mpaka saa nane ni ndefu kuliko kikombe kinavyoweza kukaa. Ndiyo maana kikombe peke yake hakitoshi. Katikati lazima mama arudi nyumbani au mtoto aletwe. Kwa walioajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baada ya kurudi kazini nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sisi wa posho tuzungumze na wasimamizi wetu mapema, kabla ya kujifungua, siyo siku ya kurudi. Msimamizi wangu alikubali nianze na nyumba zilizo karibu na kwangu ili saa nne mtoto aletwe.

Aletwe na nani? Hapo tulikutana akina mama watatu wenye shida moja: mimi, mwalimu mmoja, na Mrundi mmoja fundi cherehani. Jirani yetu ni mwanamke mzee aliyefika hapa peke yake, hana mjukuu hata mmoja upande huu wa ziwa. Tulikwenda kumwomba kwa heshima, tukakaa chini, tukaeleza. Akasema atafikiria. Kesho yake asubuhi tulimkuta ameshatandika mkeka. Fedha alikataa. Alichotaka ni maji ya ndoo mbili kila siku na kuni zake ziletwe, na siku za mgao mmoja wetu amsimamie foleni. Na sisi tuliona ni haki, maana kulea si kazi ya bure. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Kabla hatujamwachia watoto tulikaa naye jioni tatu tukifanya mazoezi ya kikombe. Tulimweleza pia dalili za hatari ambazo hazisubiri mama arudi: mtoto kukataa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea na kutoamka vizuri, degedege, kupumua kwa shida. Hapo ni kituo cha afya mara moja. Na homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Yeye naye alitufundisha namna ya kumtuliza mtoto mwenye gesi, kwa kumlaza kifudifudi kwenye mapaja. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo. Nilipomwona siku ya kwanza nilitoka nje kidogo.

Jambo moja la zamani tusilifuate. Kule nyumbani bibi au mama mdogo aliweza kumnyonyesha mtoto mama yake akichelewa. Ilikuwa ni upendo, lakini virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye maziwa, kwa hiyo usimwachie mtoto anyonye kwa mwingine bila kuzungumza na muuguzi. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake kila siku anaweza kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe. Muuguzi atamweleza namna.

Akina baba nao. Mume wangu akikosa kibarua, yeye ndiye anayepasha maji ya uvuguvugu na kushika kikombe. Wanaume wenzake walimcheka, wakamwita mama fulani. Aliwajibu kwamba mtoto ana jina la baba yake, siyo la jirani. Wawili kati ya waliocheka nimewaona wenyewe kliniki wakiwa na kadi mkononi, siku ambayo wake zao walikuwa kazini. Tarehe za chanjo hazingojei nafasi ya mama: baada ya kuzaliwa ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18. Baba anaweza kumpeleka, kadi haiulizi.

Mtoto akitimiza miezi sita anaanza chakula, na maziwa yanaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Kuanzia umri huo tunampima pia kwa utepe wa mkono. Kijani ni salama. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni tahadhari. Nyekundu, chini ya 11.5, ni kwenda kituoni leo. Mlezi naye aufahamu utepe huo. Wa kwetu sasa anawapima hata watoto wa majirani wanaopita, na mara mbili ameniita niangalie rangi ya njano kabla sijafika nyumba hiyo.

Kama mko akina mama wawili au watatu wenye shida hii, na karibu yenu kuna mzee anayekaa peke yake, mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Tutakuja jioni, wakati wa kazi umekwisha, tufanye mazoezi pamoja na huyo mzee. Kila mama aje na kikombe chake chenye mfuniko, kadi ya mtoto na sabuni.