Zambarau Chini ya Mkate

Kila msimu wa zambarau hapa Pemba, tangu Mkoani hata Wete, twaona jambo la kusikitisha. Watoto hula hata ndimi zao zikageuka rangi, na zilizosalia zaanguka chini ya mti, zakanyagwa, zaoza. Baada ya miezi miwili mtoto yule yule alilia kitu kitamu cha kulia chai, wala hakuna. Kwa hiyo tumeona vema kueleza chakula kimoja kipikwacho kwa matunda hayo, na jinsi ya kuyaweka.

Chakula chenyewe chatoka Marekani. Walowezi wa karne ya 19 waliosafiri kwenda magharibi hawakuwa na tanuru. Walitia matunda, hata yale madogo meusi ya vichaka vya miiba, katika chungu cha chuma, wakayafunika kwa donge la unga, wakaweka makaa chini na juu ya kifuniko. Mwaona, ni njia ile ile ya mama zetu wapikapo mkate wa kumimina. Matunda ya namna ile huota katika milima ya Usambara. Kwetu sisi, zambarau yatosha kushika mahali pake kwa rangi na kwa ukali. Tena yapatana sana na karafuu, wala si ajabu, kwa kuwa wataalamu wa mimea huhesabu mzambarau na mkarafuu kuwa wa jamaa moja, ingawa asili ya mmoja ni Bara Hindi, na ya wa pili ni visiwa vya Maluku.

Upishi wake ni huu. Twaa zambarau mbivu vikombe 6, uzioshe, uziloweke nusu saa katika maji ya chumvi kidogo ili kupunguza ukakasi, kisha uzisuuze. Zichemshe polepole kwa kikombe 1 cha maji hata nyama iachane na kokwa; uondoe kokwa zote. Tia sukari kikombe 1, maji ya ndimu 1, karafuu 3 na kijiti cha mdalasini, iive hata iwe nzito kama uji. Usitumie sufuria ya shaba iliyokwisha bati lake, maana ukali wa matunda hula shaba, ikawa sumu.

Kwa donge, changanya unga wa ngano vikombe 2, hamira kijiko kidogo 1, samli vijiko 2, chumvi kidogo, na tui vuguvugu robo tatu ya kikombe. Kanda, ufunike saa moja hata uumuke. Utandaze juu ya matunda, ufunike sufuria, uweke makaa machache chini na mengi juu. Baada ya nusu saa choma kwa kijiti cha ukuti. Kikitoka kikavu katika mkate, umeiva.

Sasa habari ya kuweka, na hapa twakiri kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja mkate huu ulipikwa nyumbani kwetu kwa ajili ya mgeni, naye hakuja. Mama wa nyumba akasema, “Mwalimu, na tuwape majirani leo hii.” Tukakataa, kwa kuionea sukari uchungu. Siku ya tatu ulitoa harufu ya tembo. Akasema, “Umeharibika huu.” Tukaamuru upashwe moto, ukaliwa. Usiku ule mtoto wetu mdogo alitapika hata alfajiri, nasi tukakesha tukimshika mkono kwa hofu. Alipona, lakini hatujasahau. Rahisi huvunja upishi. Tangu siku ile, katika mambo ya jikoni, neno la mama ndilo la mwisho.

Basi mkate uliwe siku ile ile. Ukibaki, funika, uweke bakuli katika sinia la maji, sisimizi wasifike, uliwe asubuhi. Mwenye jokofu aweza kuuweka siku tatu. Usizidishe.

Kitu cha kuweka miezi ni matunda yenyewe. Yakiisha kutolewa kokwa, tia sukari sawa kwa kipimo na maji ya ndimu 2, uchemshe huku ukikoroga, hata tone moja katika sahani baridi lisitiririke. Chemsha chupa na vifuniko vyake dakika 10, ujaze kungali moto, ufunge sana, uweke mahali pa giza pasipo joto. Ukifungua ukaona ukungu au povu, tupa yote. Usikwangue juu tu, maana mizizi ya ukungu imekwisha shuka chini.

Na siku mtakapopika, mkate ukizidi watu wa nyumba, mpelekeeni jirani ungali moto. Hakuna ghala bora kuliko hiyo.