Mazoezi ya Abilativu kwa Mwanafunzi wa Kilatini Atokaye Kimilili

Kijana wa Kimilili anayeanza Kilatini, aghalabu kwa ajili ya masomo ya upadre, huwa tayari anazo lugha tatu: Kibukusu, Kiswahili na Kiingereza. Kitabu kikimfunza hali ya abilativu kwa vihusishi vya Kiingereza peke yake, hukwama, na kukwama huko huhesabiwa kuwa uzito wa akili.

Jina abilativu latokana na ablatus, yaani "kilichoondolewa". Lakini kuondoka ni sehemu tu ya kazi yake. Hali hii ilirithi kazi za hali tatu za kale: ya kutoka, ya chombo, na ya mahali. Ya chombo haimsumbui msemaji wa Kiswahili. Husema: Mti ulikatwa na baba kwa shoka. Kilatini nacho humtenga mtenda na chombo: Arbor a patre securi caesa est. Neno patre limetanguliwa na kihusishi a; securi, yaani shoka, limesimama peke yake. Aliyezoea na na kwa ameshaijua tofauti hiyo. Imebaki miishio tu.

Taabu iko katika mahali. Mkulima yumo shambani, anaingia shambani, anatoka shambani: jina halibadiliki, maana mwelekeo umebebwa na kitenzi. Kibukusu huweka alama mwanzoni mwa jina, kama katika munju, "ndani ya nyumba". Lakini mu- hiyo nayo huonyesha mahali, si mwelekeo. Kilatini hudai zaidi: in agro est, in agrum it, ex agro exit. Mwanafunzi huandika agro kotekote, na kosa lake lina mantiki.

Miji yazidi ugumu. Mtu hutoka Kimilili, huenda Kimilili, hukaa Kimilili. Mrumi alisema Roma, kwa irabu ndefu mwishoni, akitoka, Romam akienda, Romae akikaa. Hiyo Romae si abilativu, bali ni mabaki ya umbo la kale la mahali, na kumficha mwanafunzi jambo hili hakuna faida.

Kwa hiyo zoezi lianze na kitenzi. Mwalimu atoe est, it na exit. Mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili kinachotendeka, ndipo achague kati ya agro na agrum. Shamba lisiwe la mahindi, kwani Warumi hawakuyajua. Tena kwa ya "kwa shoka" isichanganywe na ya "kwa baba": akaaye kwa baba hukaa apud patrem, na hapo abilativu haina nafasi.