Kipimo Kilichomdanganya Mpimaji

Wasomaji wetu, fundi cherehani aletewaye vipimo kwa barua, na utepe wake umekatika inchi moja mwanzoni naye hana habari, aweza kushona kanzu mia moja, zote sawa baina yao na zote fupi. Hata akipima mara saba hatalijua kosa lake, kwani akaguaye ni utepe ule ule.

Haya yaliwafika mafundi hodari wa Marekani katika darubini iitwayo Hubble, iliyorushwa mwezi wa Aprili, 1990, kuizunguka dunia. Kioo chake kikuu, upana wake mita 2.4, kilisuguliwa huko Danbury, Connecticut, kikamalizwa mwaka 1981. Chombo chenye vioo viwili vidogo na lenzi moja ndicho kilichowaonyesha mafundi wapi wasugue na wapi waache.

Lenzi ile ilitakiwa ikae mahali pake hasa, na umbali wake ulipimwa kwa fimbo ya madini na mwali wa nuru. Ncha ya fimbo ilivikwa kifuniko chenye tundu, kikapakwa rangi isiyorudisha nuru. Rangi ikabanduka mahali padogo. Mwali ukarudi kutoka kwenye kifuniko, siyo kwenye ncha ya fimbo, na lenzi ikawekwa kando ya mahali pake kwa milimita 1.3. Katika kazi kama hiyo huo ni mwendo mrefu! Mafundi waliona lenzi haifiki walipotaka. Wakatia washa, zile pete bapa za chuma, ili ifike, wala wasiulize kwa nini chombo kilichochorwa kwa hesabu kamili kimehitaji nyongeza.

Vyombo vingine viwili vilitumiwa kukikagua kioo, na vyote vikaonyesha kasoro. Ushahidi wao ukatupwa, kwa hoja kwamba havina usahihi wa kile cha kwanza. Kwangu mimi, hapa ndipo penye lawama kubwa kuliko rangi iliyobanduka. Shahidi mnyonge si lazima awe mwongo. Na wanyonge wawili wakiafikiana, haifai kuwafukuza barazani kwa kuwa wa tatu amevaa joho.

Basi kioo kikasuguliwa vizuri mno, kwa umbo lisilo lake. Pembeni kilizidi kupunguzwa kwa kadiri ya sehemu 2 tu za milimita iliyogawanywa mara 1,000, na hayo yalitosha nyota kuonekana zimezungukwa na ukungu.

Wachunguzi walipokwenda kiwandani mwaka 1990, walikikuta chombo kile kama kilivyoachwa, na washa zake. Wakakipima, wakalijua kosa kwa hesabu yake. Desemba 1993 wanaanga wakaenda na chombo Endeavour, wakaifunga darubini vioo vidogo vilivyochongwa kwa kosa lile lile, ila kinyume chake. Picha zikatakata.