Novemba Maskati: gari zavishwa bendera, pwani yawaka taa

Ukitaka kumjua kijana wa Maskati, itazame gari yake mwezi wa Novemba.

Huo ndio mwezi wa Siku ya Taifa ya Oman. Kwa miaka mingi ilikuwa ikiadhimishwa tarehe 18, siku aliyozaliwa marehemu Sultan Qaboos mwaka 1940. Januari 2025 Sultan Haitham alitangaza kuwa itahamia tarehe 20, kukumbuka ukoo wa Al Busaid kushika hatamu mwaka 1744. Sisi watu wa Visiwani ukoo huo hatuhitaji kuelezwa.

Jua likishatua, gari huanza kumiminika Shati la Qurum na barabara ya pwani ya Matrah. Nissan Patrol, Land Cruiser, Mustang, pikapu, zote zimevishwa rangi nyekundu, nyeupe na kijani, na majambia na picha za Sultan ubavuni. Foleni inakwenda mwendo wa kobe na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayekwenda popote. Wametoka kuonana na kuonwa. Kina dada nao wamo, nyuma ya usukani. Hapa mwanamke hakungoja ruhusa ya mwaka 2018 kama jirani zao wa Saudia. Na katika vioo vilivyoteremshwa, wasomaji, Kiswahili kinasikika, kile kile cha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kilichokuja huku na familia zilizoondoka Unguja baada ya 1964.

Jambo lenyewe si geni duniani. Vijana wa California tangu miaka ya 1930 walichukua Ford kuukuu, wakazivua mabawa na paa, wakazitia injini kubwa na kushindana kwenye maziwa yaliyokauka. Nairobi wana matatu zao za michoro. Kanuni za Waziri Michuki mwaka 2004 zilizipiga msitari wa manjano, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena michoro. Hata kwetu, seremala aliyekuwa akiiundia lori bodi ya mbao na kuipaka rangi alikuwa akifanya hayo hayo, ila hakuna aliyempigia makofi.

Lakini Oman ina kisa chake. Kabla ya Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za lami. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa kubeba fanusi. Kuingiza gari kulihitaji idhini ya Sultan Said bin Taimur mwenyewe. Mzee aliyeishi zama hizo akimuona mjukuu wake anazunguka pwani saa nne za usiku, muziki juu, anaona kitu ambacho mjukuu hakioni.

Uhuru huo una mipaka, nayo inaandikwa. Polisi wa Oman hutangaza masharti ya kupamba: stika zisizibe kioo cha mbele, vioo vya madirisha ya mbele, taa wala namba ya gari, kitambaa kisitandikwe juu ya boneti, maneno yasiyofaa yasiandikwe. Kuibadili gari yenyewe, kuigusa injini au bomba la moshi, ni jambo jingine, na bila ya kibali unatafuta faini. Wapo wanaonung'unika kuwa serikali inawabana. Sisi tunaojua kubanwa ni nini, tunasema hapa polisi wana hoja. Mwaka 2012 zaidi ya watu 1,100 walikufa barabarani katika nchi yenye watu wasiozidi milioni nne. Idadi hiyo imeshuka sana tangu hapo, na haikushuka kwa bahati. Anayetaka kuserereka na kuchoma matairi, Jumuiya ya Magari ya Oman ina uwanja wake Seeb. Na anayetaka kasi ya kweli amtazame Ahmad Al Harthy, aliyetwaa ubingwa wa Pro-Am wa mbio za uvumilivu za Blancpain mwaka 2017 kwa Aston Martin, na mwaka 2024 akaendesha BMW moja na Valentino Rossi katika ubingwa wa dunia. Huyo hakuanzia kwenye foleni ya Qurum.

Mwaka 2023 shamrashamra zilipunguzwa kwa ajili ya Gaza, zikabaki kupandishwa bendera na gwaride la kijeshi.

Mwezi ukimalizika stika lazima zibanduliwe. Hapo ndipo mafundi wanapopata riziki yao ya pili, na aliyetumia gundi ya rahisi hujuta, maana bendera hutoka pamoja na rangi ya gari.